Fredrika Bremer: Alipata sahihi yake, akawatafutia na wenzake

Ndugu msomaji, kabla sijaanza naomba nikusimulie kisa changu kwa kifupi. Bila kisa hicho utajiuliza kwa nini mfanyabiashara wa vitenge anamwandika mwanamke wa Kizungu aliyefariki dunia zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Niliporudi nyumbani mwaka 2005 kutoka kambini mkoani Kigoma, nilikuwa na mtaji mdogo wa kuuza vitenge na mafuta ya mawese kati ya Bujumbura na Uvira. Kitambulisho sikuwa nacho bado. Ili nisipoteze muda, leseni ya biashara na mkataba wa kibanda cha sokoni nikaviandikisha kwa jina la kaka yangu. Miaka mitatu baadaye kaka akaelemewa na madeni. Waliomdai wakaja na karatasi mkononi, na kwenye karatasi hizo kibanda kilikuwa chake. Nililia, nikaita majirani washuhudie, lakini haikusaidia. Jasho lilikuwa langu, jina halikuwa langu.

Kuna dada mmoja tuliyekuwa jirani naye kule kambini, ambaye baadaye alipata nafasi ya kwenda kuishi Uswidi, nchi ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Sweden. Alipokuja kututembelea nikamsimulia yaliyonipata. Yeye akanieleza kuwa huko, katika darasa la wageni wanaojifunza lugha, walisoma habari za mwandishi ambaye naye kaka yake alitapanya mali ya familia, akaenda kudai haki yake hadi kwa mfalme. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia mwanamke huyo. Jina lake ni Fredrika Bremer.

Binti wa nyumba ya matajiri

Fredrika alizaliwa Agosti 17, 1801, karibu na mji wa Åbo, ambao leo Wafini wanauita Turku. Wakati huo Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Babu na bibi yake walikuwa wamejenga biashara kubwa sana katika eneo hilo. Baba yake, Carl Fredrik Bremer, aliuza mali hizo na mwaka 1804 akaihamishia familia yake Stockholm. Miaka michache baadaye, mwaka 1809, Urusi iliichukua Ufini. Kwa hiyo mahali alipozaliwa Fredrika palihamia nchi nyingine bila yeye kuambiwa. Sisi tunaoishi kandokando ya mipaka tunalijua jambo hilo.

Baba alinunua shamba kubwa lenye jumba la mawe liitwalo Årsta, kusini mwa Stockholm. Wakati wa baridi familia ilikaa mjini, wakati wa joto ikahamia shambani. Usidhani kwamba maisha hayo yalikuwa raha tupu. Baba alikuwa mkali na mwenye huzuni nyingi. Mama alitaka mabinti zake wawe wembamba kama wasichana wa kwenye hadithi, hivyo chakula chao kilipimwa. Kutoka nje kutembea hakukuwa jambo la kawaida kwao. Walipotaka kunyoosha viungo waliambiwa wasimame nyuma ya viti, washike migongo ya viti hivyo, warukeruke hapo hapo.

Walifundishwa Kifaransa, muziki, kuchora na kudarizi, mambo ambayo yangewapendezesha mbele ya wachumba. Mwaka 1821 familia ilifunga safari ndefu ya Ujerumani, Uswisi na Ufaransa. (Tusichanganye hapo: Uswisi ni nchi ya milima iliyo katikati ya Ulaya, Uswidi ni ya kaskazini, na Fredrika alikuwa wa Uswidi.) Waliporudi, milango ikafungwa tena. Fredrika alikuwa na miaka ishirini na kitu, ana nguvu, ana akili, na hana kazi yoyote aliyoruhusiwa kufanya isipokuwa kungojea kuolewa.

Kalamu iliyoanza kwa ajili ya wagonjwa

Mabadiliko yalianza kule shambani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1826 kuingia 1827 Fredrika alibaki Årsta pamoja na baadhi ya ndugu zake, mbali na karamu za mjini. Akaanza kuwatembelea wagonjwa na maskini wa vijiji vya jirani na kuwapelekea dawa na chakula. Mara akagundua jambo ambalo kila mama mwenye moyo wa kusaidia huligundua haraka: huruma bila fedha haifiki mbali. Yeye binti wa tajiri hakuwa na senti yake mwenyewe.

Ndipo akaamua kuuza alichokuwa nacho, yaani maandishi. Mwaka 1828 kilitoka kitabu chake cha kwanza, ambacho jina lake kwa Kiswahili tungesema Michoro ya Maisha ya Kila Siku. Kaka yake mdogo, August, alimsaidia kupata mchapishaji katika mji wa Uppsala. Jina la mwandishi halikuwekwa. Kwa binti wa nyumba kama ile, kuandika kwa ajili ya malipo lilikuwa jambo la kufichwa.

Kitabu kilipendwa, na sehemu zilizofuata zikapendwa zaidi, hasa hadithi ya familia moja aliyoiita kwa herufi tu, Familia ya H. Watu wa Stockholm walianza kuulizana ni nani huyo. Siri ilipofichuka, Januari 1, 1831, Akademia ya Uswidi ilimtunukia nishani yake ndogo ya dhahabu. Alikuwa na miaka 29.

Ni nini kilichowavutia wasomaji? Waandishi wengi wa wakati ule walisimulia habari za mashujaa, majumba yenye mizimu na mapenzi ya ajabu. Fredrika aliandika habari za sebuleni na jikoni: mama anayepiga hesabu ya matumizi ya nyumba, binti asiye mzuri wa sura anayejua kuwa hatachumbiwa, shangazi asiyeolewa anayeishi kwa kuhurumiwa, mke anayejifunza kumzoea mume. Baadaye zilikuja riwaya nyingine, kama vile Mabinti wa Rais mwaka 1834, Majirani mwaka 1837 na Nyumbani mwaka 1839. Kwa vitabu hivyo anahesabiwa kuwa miongoni mwa walioleta riwaya ya maisha halisi katika fasihi ya Uswidi.

Yeye mwenyewe hakuolewa. Alikuwepo mwalimu mkuu wa shule, Per Johan Böklin, aliyemfundisha falsafa na kumposa. Fredrika alimheshimu sana, lakini baada ya kufikiri kwa muda mrefu alikataa, na urafiki wao wa barua ukaendelea. Ukisoma habari ya sheria hapa chini, huenda ukaelewa sababu mojawapo ya mwanamke kama yeye kusita.

Sheria ya mwaka 1734

Kwa mujibu wa sheria za Uswidi za mwaka 1734, mwanamke asiyeolewa hakuwa mtu mzima mbele ya sheria, hata awe na miaka 50. Alikuwa chini ya usimamizi wa baba. Baba akifariki, usimamizi ulikwenda kwa kaka au ndugu mwingine wa kiume. Akiolewa, msimamizi alikuwa mume. Ni mjane na mwanamke aliyeachika tu waliohesabiwa kuwa watu wazima wenye mamlaka juu ya mambo yao.

Maana yake kwa lugha ya sokoni ni hii: mwanamke angeweza kufanya kazi na kulipwa, lakini hakuweza kusimamia malipo yake. Hakuweza kutia sahihi mkataba wala kuuza shamba alilorithi bila msimamizi wake. Fredrika, aliyekuwa akisomwa na watu wengi nchini mwake na mwenye nishani ya Akademia, hakuwa na mamlaka kisheria juu ya fedha za vitabu vyake mwenyewe.

Baba yake alifariki mwaka 1830. Kaka mkubwa, Claes, ambaye kwa sheria ndiye aliyepaswa kuwalinda dada zake, alitapanya sehemu kubwa ya mali ya familia. Msomaji, hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikatazama dari. Wakati wangu hapakuwa na sheria iliyonizuia kuandikisha kibanda kwa jina langu. Ni haraka na mazoea vilivyonifunga. Fredrika alifungwa na sheria yenyewe.

Ulikuwepo mlango mmoja mdogo. Mwanamke asiyeolewa aliweza kumwandikia mfalme barua ya kuomba atamkwe kuwa mtu mzima, na mfalme akipenda alimkubalia. Fredrika na mdogo wake Agathe waliandika. Mwaka 1840 ombi lao lilikubaliwa. Fredrika alikuwa anakaribia miaka 40 siku alipoanza kuwa na mamlaka juu ya sahihi yake.

Wengi wetu tungeishia hapo. Ukishapata kibali chako, kwa nini uhangaike na wanaosubiri kwenye foleni? Lakini Fredrika alijua kuwa alichopewa kilikuwa fadhila ya mfalme. Mshonaji wa kijijini asingejua hata namna ya kuanza kuandika barua ya aina hiyo.

Safari ya Marekani

Kuanzia mwaka 1842, Mwingereza Mary Howitt alianza kuzitafsiri riwaya zake, na Fredrika akapata wasomaji wengi Uingereza na Marekani. Mwaka 1849, akiwa na miaka 48, alipanda meli peke yake kwenda Marekani. Aliwasili New York mwezi Oktoba. Alikaa huko karibu miaka miwili, na fedha za safari zilikuwa zake.

Alikutana na waandishi wakubwa wa nchi hiyo, akiwemo Emerson, Longfellow na Hawthorne. Lakini hakukaa sebuleni tu. Aliingia magerezani na mashuleni. Aliwafuata wahamiaji wa kutoka Uswidi waliokuwa wakifungua mashamba Wisconsin, akaona jinsi watu waliokuwa na heshima kwao walivyoanza upya wakiwa na shoka na jembe.

Alishuka pia hadi majimbo ya kusini, akaona utumwa kwa macho yake. Alikwenda kwenye soko la watumwa la New Orleans, akaona binadamu wakipangwa kama bidhaa. Mwaka 1851 alivuka hadi Kuba, na huko alisikiliza ngoma za Waafrika waliopelekwa kukata miwa, wakiwemo walioitwa Wakongo, ambao asili yao ni upande wa magharibi wa bara letu. Aliupinga utumwa waziwazi. Hata hivyo, lazima niseme kuwa hakuwa malaika. Katika maandishi yake juu ya watu weusi kuna mahali ambapo dharau ya Wazungu wa zama zake inajitokeza, na msomaji wa leo lazima ataiona.

Jambo lililomgusa zaidi huko Marekani ni wanawake. Aliona wasichana wakisoma masomo ambayo kwao Uswidi yalikuwa ya wavulana, na wanawake wakisimama kuongea mbele ya watu. Yote aliyoyaona alimwandikia Agathe, yule mdogo wake waliyeomba pamoja kwa mfalme. Barua hizo ndizo zilizokuwa msingi wa kitabu chake kikubwa, Nyumba za Dunia Mpya, kilichotoka mwaka 1853 na 1854.

Alirudi Uswidi mwezi Novemba 1851, lakini Agathe hakuwepo tena. Alikuwa amefariki dada yake akiwa safarini. Waliowahi kurudi nyumbani baada ya miaka mingi wanaufahamu ukimya wa namna hiyo, pale unapouliza habari za mtu na waliokuja kukupokea wanatazama chini.

Kitabu kilichowakasirisha watu

Fredrika hakukaa kimya na msiba wake. Kipindupindu kilipoingia Stockholm mwaka 1853, aliongoza wanawake kuwahudumia watoto yatima na familia zilizoathirika. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha chama cha wanawake cha kuwasaidia wafungwa. Agosti 28, 1854, wakati wa vita vya Krimea, gazeti la The Times la London lilichapisha wito wake wa kuwataka wanawake wa nchi zote waungane kwa ajili ya amani na misaada. Gazeti lenyewe halikukubaliana naye, lakini wito ulisomwa.

Kisha mwaka 1856 alitoa riwaya yake iliyoleta kelele kuliko zote, Hertha. Ni hadithi ya binti mtu mzima anayeishi chini ya baba mkali na bahili, ambaye anazishikilia fedha walizopaswa kuzipata mabinti zake. Dada yake Hertha ananyauka kwa majonzi kwa sababu baba hataki kutoa ruhusa ya ndoa. Hertha mwenyewe anasubirishwa miaka na miaka. Badala ya kukata tamaa, anafungua shule ya wasichana na kuwafundisha kujitambua.

Mwishoni mwa kitabu Fredrika aliongeza sehemu isiyo ya kubuni, akieleza kesi za kweli zilizopita mahakamani kuhusu wanawake na usimamizi. Hakutaka mtu aseme kuwa hizo ni ndoto za mwandishi.

Wahakiki walimshambulia. Walisema kuwa hiyo si riwaya bali ni hotuba, na kwamba mwandishi aliyependwa kwa hadithi tamu za nyumbani ameharibikiwa. Kweli, wengi wanakubali kuwa Hertha si riwaya yake bora kisanaa. Fredrika alijua kuwa angeweza kuwapoteza baadhi ya wasomaji wake, na hao ndio waliokuwa mtaji wake. Alikubali hasara hiyo.

Mjadala ulioanza magazetini ulisikika bungeni, ambako suala la usimamizi wa wanawake lilikuwa tayari mezani. Mwaka 1858 ilipitishwa sheria iliyomruhusu mwanamke asiyeolewa mwenye miaka 25 kwenda mahakama ya kwao kuomba kuwa mtu mzima kisheria, bila kumsumbua mfalme. Mwaka 1863 hata ombi hilo likaondolewa, na kila mwanamke asiyeolewa alipotimiza miaka 25 akawa mtu mzima moja kwa moja. Siwezi kusema kuwa ni kitabu peke yake kilicholeta sheria hizo, kwa sababu wapo wabunge waliokuwa wakizipigania kabla yake. Lakini Hertha ilizifanya familia zizungumze mezani jambo lililokuwa la wanasheria.

Mwaka 1861 Stockholm ilifungua chuo cha serikali cha kuwaandaa walimu wa kike. Mwaka 1864 wanawake waliokuwa watu wazima kisheria walipata uhuru wa kufanya biashara na ufundi kama wanaume. Hapo ndipo mimi mfanyabiashara huwa nasoma polepole.

Mwisho wa safari

Jambo la kushangaza ni kuwa sheria ya mwaka 1858 ilipopita, Fredrika hakuwepo nchini. Tangu mwaka 1856 alikuwa katika safari nyingine ndefu, iliyompitisha Uswisi, Ubelgiji, Italia, Palestina na Ugiriki. Alipanda farasi katika nchi takatifu akiwa anakaribia miaka 60. Alirudi mwaka 1861, akatoa vitabu juu ya safari hiyo, kisha akaenda kuishi tena Årsta, mahali ambapo zamani alirukaruka nyuma ya kiti.

Alifariki huko Desemba 31, 1865, akiwa na miaka 64, kwa ugonjwa wa mapafu uliomshika wakati wa Krismasi. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Österhaninge.

Kazi haikuwa imekwisha. Mwanamke mtu mzima aliyeolewa alirudi kuwa chini ya usimamizi, safari hii wa mume wake. Mwaka 1874 mwanamke aliyeolewa alipewa haki ya kusimamia kipato chake mwenyewe. Ilibidi kungoja hadi sheria ya ndoa ya mwaka 1920 ndipo mke akawa mtu mzima kama mumewe, na mwaka 1921 wanawake wa Uswidi walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza. Mwaka 1884 mwandishi Sophie Adlersparre na wenzake walianzisha chama cha kutetea haki za wanawake, wakakiita kwa jina la Fredrika Bremer. Jarida la chama hicho liliitwa Hertha.

Ndugu msomaji, namalizia kwa neno kwa wenzangu tunaovuka Gatumba na Kobero na mizigo kichwani. Kumpenda kaka, mume au mjomba si kosa, na wengi wao ni waaminifu. Lakini kabla ya kulala leo, toa leseni yako, mkataba wa kibanda chako, na karatasi ya kiwanja ulichorudi kukikuta. Soma jina lililoandikwa pale juu. Kama si lako, kesho nenda ukaulize linabadilishwaje. Mimi langu lilinichukua miezi saba na nauli nyingi, na siku nilipotia sahihi nilimwomba karani anipe kalamu yake niondoke nayo. Alicheka, akanipa.

Na kama lako tayari lipo, usiishie hapo. Jirani yako wa kibanda cha pili huenda hajui hata aanzie dirisha gani. Mwonyeshe.